Kitovu shingoni, na kitovu kikitangulia mtoto

Dada, kitovu (ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma) kuzunguka shingo ya mtoto, kama ultrasaundi yako ya wiki 36 ilivyoonyesha, kisikukoseshe usingizi. Hutokea takriban kwa mtoto 1 kati ya 4. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa koo. Oksijeni humfikia kupitia kitovu chenyewe. Kichwa kikitoka, mara nyingi mkunga huvusha tu kitovu juu ya kichwa.

Linalonitia wasiwasi ni lile ulilolitaja mwishoni mwa ujumbe wako kama jambo dogo: mtoto amelala kikingamo. Hapo nyonga haijazibwa na kichwa, kwa hiyo chupa ya maji ya uzazi ikipasuka kitovu kinaweza kuteleza nje kwanza, kikabanwa, damu ikakatika. Ni suala la dakika.

Ukihisi kitu laini kama utumbo, kinachodunda, ukeni, piga magoti, kifua chini, makalio juu. Garini lala ubavu wa kushoto, mito chini ya nyonga. Usisukume. Usikirudishe ndani wala kukishikashika, maana mishipa yake hujikaza. Nenda penye chumba cha upasuaji, si zahanati ya jirani, na mtu apige simu mapema aseme "kitovu kimetangulia".

Kliniki ijayo uliza kama ulazwe kuanzia wiki ya 37.