Rudisha kete, mdogo wangu

Wiki hii kijana mmoja wa Uyole amenitumia ujumbe. Alipata F ya hesabu kidato cha nne, anataka kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kutwa nzima yuko dukani kwa mjomba wake. Anauliza mimi nilifauluje na kazi ilikuwa inanibana vilevile. Nilimjibu kwa kifupi, ila najua mko wengi, kwa hiyo acha niseme yote.

Kusoma nilijifunzia kwenye benchi la drafti, Mwanjelwa, hapa Mbeya.

Nilikuwa nauza viatu vya mtumba. Jirani na meza yetu wazee walikuwa na ubao wao na kete za vizibo vya soda, kumi na mbili huku vimelala kifudifudi, kumi na mbili kule chali. Wateja wakipungua nakwenda kucheza, na nafungwa. Desturi ya benchi ni kwamba ukifungwa unampisha mwingine. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, yeye akikufunga hakuachii. "Rudisha kete, mwanangu." Mnazipanga upya, mnarudi nyuma hatua kwa hatua.

Wanaocheza wanajua: kwenye drafti kula ni lazima. Mjanja anakulisha kete moja, unakula huku unacheka, yeye anazoa tatu na kuingia kingi, mstari wa mwisho upande wako. Mimi nilikuwa naililia ile kete niliyolishwa. Mzee anazirudisha hadi mbali kabisa, anagusa kizibo kimoja cha pembeni ambacho hata sikukumbuka kukisogeza. "Ulifungua hapa. Kule mwisho ulikuwa umeshakufa."

Hata kwenye mpira alikuwa hivyo hivyo. Aprili 2014 Azam walikuja uwanja wetu wa Sokoine, wakaifunga Mbeya City 2-1 na kutwaa ubingwa palepale mbele yetu. City ilikuwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu na ilimaliza ya tatu, jambo ambalo mpaka leo naliongea kifua mbele. Kesho yake benchi zima linagombana nani wa kulaumiwa. Mzee akauliza swali moja: kabla ya goli la pili, mpira tuliupotezea wapi? Kimya. Huyu ni mtu aliyewaona Tukuyu Stars wakipanda daraja na kuchukua ubingwa wa 1986, kelele za mashabiki hazimtikisi.

Nilipoamua kurudia mtihani, ndugu yangu mmoja wa damu alisema mbele za watu kwamba ile ada bora ningeongezea mzigo wa viatu. Yale maneno bado yananiuma, sitaficha. Nilipata C. Sikumpelekea matokeo, aliyasikia kwa wengine.

Ile C ilitoka wapi? Nilikuwa nafanya mitihani iliyopita, nasahihisha, nakosa, nasema nimeteleza, nasonga mbele. Siku moja nikarudisha kete. Kwenye -3(x - 4) nilikuwa naandika -3x - 12 badala ya -3x + 12. Nikafungua maswali ya nyuma, kosa ni lilelile: kwenye milinganyo lipo, kwenye maswali ya mafumbo lipo. Sikuwa nateleza. Hasi mara hasi haikuwahi kunikaa, na hiyo ni hesabu ya kidato cha kwanza. Basi nikaenda Maktaba ya Mkoa nikaomba kitabu cha kidato cha kwanza, mtu mzima na ndevu zangu. Baada ya hapo mada nyingi zilifunguka zenyewe.

Kwa hiyo acheni kujisifia saa mlizokaa na kitabu. Saa sita za kusoma unachokijua ni usingizi wa macho wazi. Na hizi habari za mwalimu alikuwa mbovu, sawa, alikuwa mbovu, lakini chumba cha mtihani utaingia wewe. Vijana wa Nyanda za Juu tuna nguvu ya kulima viazi kwenye baridi ya Julai, halafu karatasi yenye alama nyekundu tunaiogopa? Ifungue. Isome kuliko ile uliyofaulu.

NECTA, Baraza la Mitihani, wanaweka kwenye tovuti yao, bure, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa swali kwa swali, na picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Pakua kwa bando la usiku. Anza na yale mabaya, maana ndimo utakapoukuta mwandiko unaofanana na wako.

Wewe wa Uyole, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, usisubiri wenzako. Nipigie picha swali la mwisho ulilokosa, na hatua zote ulizoandika, hata zile ulizozikata. Tutaanzia hapo.