Mama mkwe hana machozi, au wewe ndiye huna macho?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya binafsi, nina miaka 29. Tangu shule zifungwe kwa sababu ya korona mwezi wa Machi 2020 sijaona mshahara. Mume wangu ana miaka 33, alikuwa mhudumu wa hoteli Diani, naye akapewa likizo bila malipo. Kodi ya nyumba kisiwani Mombasa ikatushinda, tukahamia Likoni kwa mama yake, mjane wa miaka 66 anayepika mahamri na mbaazi. (Baba mkwe alikufa maji Mtongwe mwaka 1994, sikumjua.)

Shangazi, mama huyu hana moyo. Siku ya kwanza ya kafyu nilikuwa nimevuka kuchukua vyombo vilivyobaki, nikapigwa moshi pale feri, nikarudi ninalia. Nilimkuta amesimama barabarani miguu mitupu. Akanitazama tu, akasema, 'Kanawe uso, uje tukande unga.' Mwezi wa Mei baba yangu mdogo akafariki Nairobi na mipaka ya Mombasa na Nairobi imefungwa. Alichosema ni 'Pole mwanangu,' kisha akanipa mbuzi nikune nazi! Kila jambo kwake ni 'Mimi nimeona.' Kila akipima mchele hutoa konzi moja akaificha kwenye ndoo chumbani kwake, ndani mna kama kilo sita na sisi tunakula kwa kupimiwa. Alfajiri hukaa uani peke yake akitaja majina ya watu, na jirani ananiambia nijihadhari. Mume wangu naye amegeuka, anabebeshwa karai na mamake bila haya. Usingizi umenipotea. Sasa ni Julai, mipaka imefunguliwa, nataka nirudi kwetu Voi. Nishauri."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Kumzika mtu kwa kutazama simu, wakati kaburini waliruhusiwa watu 15 tu, ni uchungu ambao kizazi chetu hakikuujua. Pole hiyo imetoka moyoni, ipokee, kwa sababu mengi yanayofuata hayatakupendeza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mama mkwe uliyetaka nimwone. Mara ya tatu nikamwona yule aliyekuponyoka kwenye kalamu, na huyo ndiye nitakayemsema.

Anza na miguu mitupu. Mwanamke wa makamo yale, mwenyeji wa Likoni, hatoki barabarani saa za jioni bila viatu vyake. Atatafuta ndara, atajitanda kanga, ndipo afungue mlango. Yeye alitoka kama alivyokuwa. Maana yake habari zilimfikia, na Likoni nzima ilikuwa inajua: tarehe 27 Machi, polisi wanarusha vitoa machozi na kupiga watu virungu kivukoni, umati umebanana, kila mtu anataka kuvuka kabla ya saa moja. Na mkwewe yumo katika umati ule, ukingoni mwa maji.

Sasa rudi kwenye ule mstari uliouweka ndani ya mabano kama kitu kidogo. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka ikivusha watu kwenda kazini kisiwani. Watu zaidi ya 270 walikufa, na ng'ambo walikokuwa wakienda wanaiona kwa macho. Mama mkwe wako alikuwa na miaka 40. Mumeo alikuwa mtoto wa miaka saba. Mwanamke aliyeagana na mumewe asubuhi akaletewa maiti, au asiletewe kabisa, ndiye uliyemkuta amesimama barabarani siku ile. Miaka 26 baadaye, watu wamesongamana tena kwenye feri, na wake yumo.

Alipokuona unatembea kwa miguu yako, ulitaka afanye nini? Akuangukie mkalie wote? Alikupa maji unawe moshi, halafu akakuweka karibu yake mkanda unga. Mimi ningekuwa wewe, ningeuliza mikono ile ilikuwa ikitetemeka kiasi gani ndani ya unga. Hukuitazama mikono. Ulikuwa unatafuta machozi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na naitoa mapema: mama yako hana kosa. Wewe unaishi na mtu aliyefiwa na kuzoea kufiwa, ukamdhani ni mtu asiyehisi.

Unasema "Mimi nimeona" inakuudhi. Basi nikuhesabie alichokiona, maana nawe hukuwahi kumuuliza. Hajamaliza kulea mayatima wake, Agosti 1997 Likoni ikawaka. Kituo cha polisi kikachomwa, watu zaidi ya 100 wakauawa katika ghasia zile, maelfu ya watu wa bara wakakimbia nyumba zao. Wageni wakaisusa pwani, hoteli zikabaki tupu, na waliokuwa wakilishwa na hoteli wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kabla watu hawajapumua, mvua za El Niño zikaingia Oktoba, zikafuatwa na kipindupindu. Mwaka 1999 serikali ikatangaza ukimwi kuwa janga la taifa, wakati mitaani tulikuwa tumeshachoka kuzika. Novemba 2002 bomu likalipuka hotelini Kikambala, watalii wakatoweka. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, wakatoweka tena.

Unaona ninachokionyesha? Hii ya sasa si mara ya kwanza mama yule kuona hoteli zikifungwa. Mshahara wa hoteli huku kwetu ni kama maji ya bahari, una kujaa na una kupwa, na watu wa pwani wenye umri wake hawajengi juu ya mchanga wa bamvua. Mumeo alipopata kazi Diani, naamini mama hakuacha kukaanga mahamri hata siku moja. Sivyo? Na nyinyi mlikuwa mkimwambia apumzike, mnaona haya mama wa mhudumu wa hoteli ya kitalii kukaa barazani na karai. Karai hilo ndilo linalokulisha tangu Machi, na katika barua yako nzima hukuliandikia neno moja la asante.

Sasa tuje kwenye ndoo. Mwaka 1984, ukame ulipopiga nchi hii, mimi nilikuwa msichana mdogo. Tulikula ugali wa mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli, ugali wenye harufu ambayo mpaka leo naikumbuka. Baada ya mwaka ule mama yangu hakupika tena bila kutoa konzi moja kando. Anapima, anatoa konzi, anatia kwenye debe, anafunika. Hatukuona tofauti sahanini. Lakini siku ambayo baba hakuleta kitu, debe lilifunguliwa na hakuna aliyelala njaa. Haba na haba hujaza kibaba, hayo wewe umeyafundisha darasani. Mama yako anayatenda.

Na hapo nikuulize jambo. Ndoo iko chumbani kwake, umesema imefichwa. Wewe ulijuaje kuwa ndani mna kama kilo sita? Mchele haupimwi kwa macho kupitia ukutani, mwanangu. Tutalirudia hilo.

Majina ya alfajiri nayo ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Mwanamke mzee ameswali, amekaa uani kabla mji haujaamka, anataja watu kwa majina, nawe umekubali jirani akutie maneno ya uchawi! Anawaombea wafu wake. Kilio ulichokuwa ukikitafuta ndicho kile. Ana saa yake, ana mahali pake, akimaliza anawasha jiko. Hivyo ndivyo mtu anavyobeba mizigo mingi bila kuanguka njiani, kila mmoja anaupa nafasi yake ya siku. Angekuwa wa kulia mchana kutwa, mayatima wake asingewalea.

Lakini usije ukanielewa vibaya, ukadhani nasema shida ni shule nzuri na kila aliyepita huko anatoka imara. Si kweli. Jirani yetu mmoja wa zamani alifiwa na mwanawe katika kipindupindu kile cha baada ya El Niño, na hakuinuka tena. Alikuwa akikaa mlangoni na sahani ya mtoto mapajani mpaka alipokufa. Shida ileile humvunja huyu, mwingine ikamkomaza, na nimeishi muda wa kutosha kutazama tofauti inatoka wapi. Mara nyingi si ugumu wa moyo. Ni watu. Baada ya Mtongwe, mitaa ile ilikuwa matanga kila mlango. Wanawake walilala mikekani pamoja, wakapika sufuria moja, wakabebana watoto. Mjane hakuachwa peke yake hata usiku mmoja.

Sasa tazama korona imefanya nini. Imemnyima dawa aliyoijua. Mwaka huu wa 2020 matanga hakuna, misikiti ilifungwa, tarawehe mwezi wa Ramadhani kila mtu chumbani kwake, kushikana mikono marufuku. Mama wa watu amebaki na nusu ya silaha zake, yaani mikono yake na kazi yake. Nusu nyingine, ile ya watu, amebakiwa na wawili tu ndani ya nyumba, mwanawe na wewe. Baba yako mdogo alipofariki, matanga ya kukuwekea hakuwa nayo. Akakuketisha kwenye mbuzi ubavuni pake mkune nazi. Kwa mwanamke wa aina yake, mwanangu, yale ndiyo yalikuwa matanga ya baba yako mdogo. Alikuwekea yale aliyoweza. Mlikaa muda gani pale? Ukumbuke kama alinyanyuka akakuacha peke yako. Naweka dhamana hakunyanyuka.

Kuhusu mumeo kubeba karai "bila haya", hapo nimekasirika, nakiri. Haya ya nini? Mwanamume aliyekuwa akibeba sinia za wageni kwa mshahara anashindwaje kubeba karai la mamake? Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Vijana wanaoana na kazi. Msichana anaolewa na sare ya hoteli, mvulana anaoa karatasi ya mshahara wa mwalimu, wanapiga picha ufukweni, wanapanga nyumba yenye vigae, na ndugu wanaambiwa wapige simu kabla ya kuja. Hakuna anayeuliza siku ya posa, "Mambo yakiharibika tutaishije?" Bibi zetu waliuliza hilo kwanza. Walitazama kama mvulana anajua kushika jembe au nyavu, kama msichana anajua kupika chakula cha watu wanane kwa unga wa watu wanne. Tukawacheka kwamba ni washamba. Mwezi wa Machi ukaja, kazi ikaondoka, na wengi wakagundua kuwa ndani ya ndoa hamkuwa na kitu kingine. Kila wiki napokea barua za namna hiyo. Wewe una bahati, mumeo sare ilipovuliwa ndani yake akabaki mwanamume. Hakujifungia chumbani, hakuingia kwenye pombe, hakukupiga. Amebeba karai. Unataka nini tena?

Nadhani najua unachokitaka, nami nakisema kwa upole. Unaona aibu kulishwa. Mwalimu mzima, mwenye diploma, unapimiwa wali na mwanamke ambaye huenda hakumaliza darasa la nne. Aibu ile ni nzito, ukaona ni rahisi kumfanya mama mbaya kuliko kuibeba. Ninaielewa. Hukufukuzwa kwa uzembe, shule zimefungwa nchi nzima na walimu wenzako wengi wa shule za binafsi wako hivyo hivyo. Riziki yako itarudi. Hata hivyo, aibu yako isimgeuze mama wa watu kuwa mchawi.

Usingizi. Kama ni wiki nyingi sasa hulali, nenda zahanati ueleze, usingoje mpaka mwili uanguke. Hilo si la kuona haya, wala mama asikuzuie, na sidhani atakuzuia.

Voi nenda, mabasi yanatembea tangu tarehe 7 Julai. Nenda ukalie na watu wako msiba uliokupita, kaa siku kumi, vaa barakoa njiani. Ukienda, mwachie mumeo tarehe ya kurudi. Ukienda bila tarehe, mwanangu, utakuwa umeikimbia nyumba pekee iliyokufungulia mlango mwezi wa Machi.

Lakini kabla ya safari una kazi mbili. Ya kwanza, amka alfajiri moja. Usiseme kitu, chukua kigoda, kaa uani pembeni yake. Akishataja majina yake, mwombe amtaje na baba yako mdogo. Halafu muulize habari za baba mkwe: alikuwa akipenda kula nini, alivaa nini asubuhi ile. Huenda hajaulizwa tangu watoto wawe wakubwa. Asipotaka kujibu, muwashie jiko.

Ya pili ni mchele. Kilo ulizozijua kwa kufungua ndoo, kama ulichota chochote, hata kikombe kimoja ukampelekea shoga yako au jirani yule wa maneno, rudisha. Usirudishe kwa siri. Mpe mkononi, umwambie ulichukua lini. Naamini atakusikiliza, atasema "nimeona," kisha atakuomba uupepete mchele kwanza ndipo autie ndani ya ndoo.