Anti Jikoni: Maharage yamegoma, tui limekatika, vibua vinawasha

Jamani kabla sijaanza kujibu naomba niwaseme kidogo. Barua nyingi mnazoniletea mnauliza niongeze nini, niongeze kiungo gani, na mimi nikisoma naona kabisa chakula cha watu hakijakosa kiungo, kimekosa maji ya maana au kimewekewa moto wa hasira. Haya tuanze na huyu mwanangu wa Goba maana yake ni kubwa.

SWALI: Shikamoo Anti. Tumehamia Goba mwaka jana na tangu tuhame maharage yangu hayaivi. Nanunua kwa yuleyule wa Kariakoo niliyekuwa nanunua kwake tukiwa Ilala, mekundu mazuri tu, lakini huku yanakaa jikoni masaa manne, ganda linapasuka ndani bado kokoto. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hauniishi hata wiki mbili. Mume wangu anasema nimesahau kupika. Jirani kaniambia nitumbukize kijiko ndani ya sufuria, nimetumbukiza, wapi. (Mama Wawili, Goba)

ANTI: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto atulie, hujasahau kupika, umebadilisha maji. Hujaniambia huko maji mnapata wapi ila mimi naotea ni ya kisima, na naotea tena kwamba ukifua unasugua weee sabuni haitoi povu, na birika lako la chai ndani lina utando mweupe kama chokaa. Kama ndivyo basi mchawi wako ndio huyo. Maji magumu ya namna hiyo yana kalsiamu na magnesiamu, na yale madini yakiingia kwenye haragwe yanakamata ile gundi inayoshikilia nyama yake, wataalamu wanaiita pektini, yanaifunga. Sasa we unachochea moto ili gundi iachie, maji yanaifunga, mnavutana hapo mpaka gesi inaisha.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua kikombe kimoja cha maharage hayohayo, gawa mara mbili, nusu weka maji ya kisima, nusu weka maji ya mvua au ya bomba, sufuria mbili, moto uleule, uwe unayabonyeza moja moja kwa vidole kila baada ya nusu saa. Yale ya maji ya mvua utayasikia yanavunjika kama siagi na mengine bado yanakutazama. Ukishaona hivyo utaweka ndoo chini ya paa kila masika kama mimi.

La pili ni kuloweka. Loweka usiku mpaka asubuhi, masaa nane hivi, na hayo maji ya kulowekea tia chumvi kijiko cha chai kwa kila lita. Najua bibi zetu walisema chumvi inagomesha maharage, wamemsingizia bure, chumvi kwenye maji ya kulowekea inalainisha ganda. Ila usilale nayo na ukashinda nayo, kwa joto hili la Dar ukiyaacha siku nzima utakuta juu yana povu na harufu ya togwa. Mwaga yale maji, weka mengine, na kwa kuwa yako ni mekundu yachemke kwa nguvu kabisa si chini ya dakika 10 ndipo upunguze moto, maana maharage mekundu mabichi yana sumu inayoharibu tumbo vibaya sana na moto wa kubembeleza hauiondoi.

Nyanya, ndimu, ukwaju, vyote subiri mpaka haragwe limeshalainika, uchachu nao unagomesha. Magadi yanasaidia kweli, lakini ncha ya kijiko tu, ukizidisha utakula maharage yenye ladha ya sabuni na vitamini B1 nyingi umeiua. Na usinunue gunia ukaliweka stoo miezi, maharage yakikaa kwenye joto na unyevu kama wa kwetu huku yanakomaa kwa ndani, hata ukiyapeleka kwenye maji ya mvua yatakusumbua.

Kama unaweza kudunduliza nunua presha kuka. Mle ndani maji yanafika nyuzi 120 hivi badala ya 100 za sufuria ya kawaida, maharage yaliyolowekwa hayachukui hata nusu saa. Mnasikia serikali ina ule mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, mimi nawaambia haragwe ndio litakaloamua. Nyumba ngapi hapa mjini zina gesi ya chai na mayai, halafu maharage yanatolewa nje kwenye mkaa?

Kijiko kitoe, kinapata moto bure.

SWALI: Anti mambo vipi, mimi ni kijana naishi mwenyewe Sinza. Najua kukaanga, najua wali, ila kila nikipika samaki wa nazi tui linakatika, mafuta juu maji chini na katikati kuna vitu kama mtindi. Nakunisha nazi sokoni kwa mashine, au ndio tatizo? Na tui la pakti je, nikitumia nitachekwa? (Msela wa Sinza)

ANTI: Anti haambiwi mambo, anaambiwa shikamoo, ila poa, nimekusamehe kwa sababu umenikumbusha aibu yangu.

Mwaka niliyoolewa nilienda ukweni Temeke nikaambiwa leo bibi harusi atupikie changu wa nazi. Nikataka kuonyesha. Tui zito nikamimina lote mwanzoni, nikakamulia ndimu mbili humohumo, nikafunika, nikaenda zangu kupiga stori uani. Niliporudi nafunua naona mabonge meupe yanaogelea kwenye mafuta, nikakoroga nikidhani yatarudi, ndio kwanza samaki naye akavunjika. Mama mkwe akaonja akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, huu mchuzi umegombana na nani?" Mpaka leo shughuli zote za ukoo wananiachia mboga za majani.

Kosa langu ndilo lako, mashine haina hatia. Tui ni mafuta na maji vimeshikanishwa na protini kidogo, ile protini ikipigwa moto mkali au uchachu inajikunja, inaachia mafuta, basi limekatika. Kwa hiyo kamua mara mbili. Maji ya uvuguvugu kidogo kwenye nazi iliyokunwa, ukikamua hilo ndio tui zito, liweke pembeni ukalisahau. Ongeza maji kamua tena, hilo jepesi ndio upikie samaki na vitunguu na nyanya mpaka viive. Karibu na kuepua punguza moto mpaka uwe mdogo kabisa, mimina tui zito, koroga taratibu upande mmoja bila kuacha, usifunike, likianza kutoa mapovu madogo pembeni epua. Samaki mtie ndimu kabla hujamkaanga, na kama unataka uchachu zaidi kamulia kwenye sahani yako.

La pakti tumia tu bwana, mengi yana dawa ya kulishikilia lisikatike hivyo yanasamehe wazembe. Harufu ndio haifiki ya nazi iliyokunwa leo. Mimi la pakti napikia maharage, la kukuna nawekea samaki na wali.

SWALI: Anti tumegombana ofisini, mwingine anasema pilau inawekwa nyanya, mwingine anasema hiyo sio pilau. Amua. (Mezani kwetu, Posta)

ANTI: Haiwekwi. Nyanya mpelekee biriani na kachumbari. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, ukikaange mpaka kiwe kahawia ya mbao kabisa, sio dhahabu, halafu ukikate kwa supu ya nyama. Na wale wanaotia soya sosi ili ipate rangi nawaona, nanyamaza tu.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi nikila vibua nawashwa mwili mzima, uso unakuwa wa moto, kichwa kinagonga, baada ya masaa kadhaa inaisha. Mama anasema nina mzio wa samaki nisile kabisa. Cha ajabu changu nakula sina shida, na hata vibua vyenyewe mara nyingine nakula vizuri tu. Huwa nanunua jioni nikishuka kwenye daladala. (Binti wa Mbagala)

ANTI: Marahaba binti yangu. Hapo umejijibu mwenyewe pale uliposema mara nyingine unakula vizuri. Mwenye mzio wa kibua hapangiwi siku. Mimi nadhani shida yako ni kibua aliyeshinda juani.

Vibua, jodari, hata dagaa, nyama yao ina kitu ambacho bakteria wakikipata kwenye joto wanakigeuza kuwa histamini, ileile kemikali ambayo mwili wenyewe unaitoa ukipata mzio, ndio maana dalili zinafanana, kuwashwa, uso kuwaka, kichwa. Wengine ulimi unawachonyota kama wamelamba pilipili. Samaki anavuliwa usiku, anafika asubuhi, anakaa kwenye beseni mpaka saa 12 jioni na barafu iliyeyuka saa 4, hapo histamini imeshajaa, na ubaya wake haiondoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha, wala kwa ndimu. Na anaweza asinuke, ndio anatuponza.

Fanya hivi, wiki hii jitahidi ufike soko la samaki la Feri alfajiri hata mara moja, mchangie na shoga yako. Funua shavu uangalie matamvua, yawe mekundu ya damu, yakiwa kahawia mrudishe. Jicho liwe limetokeza na linang'aa. Bonyeza ubavuni kwa kidole, nyama irudi, shimo lisibaki. Beba ndoo yako na barafu, ukifika nyumbani toa matumbo palepale, friji. Lakini sikia, siku ukiona midomo inavimba au pumzi inabana, usikae kunitafuta mimi, kimbia hospitali, na kabla ya hapo pia mwone daktari akupime huo mzio ili mama naye atulie.

SWALI: Kisamvu kifunikwe au kisifunikwe? Mimi nafunika kiive fasta. (Mpangaji, Kigamboni)

ANTI: Funua. Jani la muhogo lina sumu ya jamii ya sayanaidi, ukilitwanga ndio inaachiliwa, na ile hewa yake inapaa kirahisi mno, nyuzi 26 tu inageuka mvuke. We unamfunikia mgeni anayetaka kuondoka. Twanga kilainike kabisa, kiache kidogo, chemsha sufuria ikiwa wazi mpaka harufu ya ubichi iishe ndipo uweke kitunguu na karanga, tui mwisho, na utaratibu wa tui nimeshamwambia Msela hapo juu sirudii.

SWALI: Anti, mke wangu amesoma mahali kwamba wali uliolala ni sumu, sasa ananinyima kiporo. Nimekulia kiporo na chai ya rangi, baba yangu amekulia kiporo. Nisaidie. (Baba Mwenye Njaa, Tabata)

ANTI: Shemeji mimi ni mtu wa kiporo, kile cha wali wa nazi kilichopashwa kwenye kikaango mpaka chini kikapata ukoko, na chai ya tangawizi, hakuna mkate utakaonitoa hapo. Lakini mkeo hajakosea.

Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anakaa kwenye mchele tangu shambani na vijimbegu vyake vinavumilia kuchemka. Wali ukipoa ukabaki mezani usiku mzima, kwa joto letu hili, vinaamka, vinazaana, vinatoa sumu, na sumu yake moja wapo ukiipasha wala haijali. Unakula saa 1 asubuhi, saa 4 uko chooni unatapika unasingizia chai. Zamani baba yako alikula akapona, ndio, na siku alizoumwa tumbo waliambiwa ni upepo.

Kwa hiyo mpatane hivi. Cha kesho mkitoe kabla ya kula, mkisubiri mpaka wote mshibe itakuwa saa 4 usiku. Kitandaze kwenye sinia kipoe haraka, maana kwenye sufuria iliyofunikwa katikati panabaki na joto masaa, kisha friji ndani ya masaa mawili, kwenye chombo kipana. Asubuhi pasha mara moja tu mpaka moshi utoke katikati, kikibaki usirudishe. Umeme ukikatika usiku kucha usibishane naye, mwaga. Na wali wa nazi ukiona unavutika kama mlenda au una harufu ya uchachu hata kidogo, huo mpe kuku, kama kuku wenyewe sio wa kuuza.

Na mwambie mkeo ukoko wa usiku, ule mkavu wa chini ya sufuria, asiutupe wakati umetoka jikoni. Aule hapohapo na chumvi kidogo, wewe ukiwa bado unanawa mikono.