Kabla hujafuta jogoo

Ukiingia kwenye ofisi ndogo ya uchapishaji wa vitabu, kazi wanayopenda kumtupia mgeni ni jalada la toleo jipya. Mswada umeshahaririwa, mwandishi kaongeza sura mbili, eti imebaki "kubadilisha sura tu". Mimi nilianzia hapo, na kitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji.

Jalada la zamani lilikuwa la kijani, lenye jogoo mwekundu wa kuchorwa kwa mkono, mkia mkubwa kuliko mwili. Nililionea aibu. Nikamwambia msanifu afute vyote. Tukaweka rangi nyeupe na picha safi ya kuku tuliyoinunua mtandaoni. Kwenye kompyuta lilipendeza, ofisi nzima ikasifu. Wiki chache baadaye muuza vitabu akanipigia: "Kaka, mzigo wako umelala. Watu wanaulizia kile cha jogoo." Binti wa dukani alikuwa akiwajibu kimekwisha, kumbe kimepangwa mbele yake. Kisha mama mmoja mfugaji akakishika, hata hakukifungua: "Mbona huyu ni wa kisasa?" Kweli. Kuku mweupe pe, wa nyama, juu ya kitabu cha kuku wa kienyeji.

Wasomaji wetu wengi hawatafuti kitabu kwa jina. Hata darasani utasikia "leteni kile cha bluu". Kwa hiyo kabla ya kumwita msanifu, nenda kwa wauzaji wawili watatu uwaulize wateja wanakiitaje. Watakachokutajia, usikiguse, kirembeshe tu. Sisi tulirudisha kijani na jogoo, safari hii akachorwa na mtu anayejua kuchora mkia.

Maneno "Toleo la Pili" yakae mbele, yasomeke. Lakini yaandike pale tu ambapo maandishi yenyewe yamebadilika. Kama umebadilisha picha peke yake, hiyo ni chapa nyingine ya toleo lilelile, na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inabaki ileile. Kumuuzia mtu kitabu alichonacho tayari kwa sababu kimevaa nguo mpya, mimi nauita wizi.

Toleo jipya la kweli linataka ISBN yake, na hapo ndipo upande wa nyuma unapowaponza wengi. Msanifu ananakili jalada la nyuma la zamani pamoja na mistari yake ya kuskani. Niliwahi kukaa siku mbili na wenzangu sakafuni tukibandika stika juu ya namba mbovu, nakala moja moja. Sasa nasoma tarakimu zote 13 kwa sauti, mwenzangu akifuatisha kwenye karatasi.

Mgongo wa kitabu nao unanenepa kurasa zikiongezeka. Gawa idadi ya kurasa kwa mbili, zidisha kwa unene wa karatasi moja. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba huwa na unene wa kama milimita 0.1, hivyo kurasa 160 zinatoa mgongo wa milimita 8 hivi, na zikifika 224 unakaribia 11. Ukiacha mgongo wa zamani, jina la kitabu litahamia pembeni. Vipimo kamili mwombe mpiga chapa, maana karatasi hazilingani.

Rangi usiiamini kwenye skrini. Skrini inatoa mwanga, mtambo unachanganya wino wa rangi nne, na kijani kinachowaka kwenye kompyuta kinaweza kutoka kimefifia kama mchicha wa jana. Dai sampuli iliyochapwa, itoe nje juani. Jalada la kung'aa likipigwa na jua la saa saba, anayepita haoni kitu.

Tulipompelekea yule muuzaji sampuli mbili achague, picha hakuzitazama kabisa. Alizigeuza zote, akapapasa kona ya chini kwa kidole gumba. "Hapa pameandikwa mpaka mwisho. Bei nitabandika wapi?"