Anaimba a e i o u ila penseli hataki

Dada, we unasema mwanao wa chekechea irabu anaimba zote ila ukimpa penseli analia, usimchape, ni kawaida tu. Mi huku Ujiji wangu nilimtoa kwenye daftari kwanza, jioni tunashuka ziwani, kidole kwenye mchanga uliolowa, tunaimba "dada kaleta dagaa, kaka kakataa" na kila tukifika da anaiandika, wimbi likifuta anaandika tena, yeye anajua anacheza kumbe ndo anarudia. Alikuwa anageuza d anaandika b (mi mwenyewe nilichelewa kuijua hiyo), nikamwambia d tumbo kwanza mti baadae, b mti kwanza, nayo tukaiimba. Silabi moja wiki nzima usiwe na haraka. Penseli mpe kipande kifupi, ndefu inamlemea.