Wasomaji Wanauliza: Sembe, Dona na Weupe wa Ugali

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, mume wangu alirudi kutoka kliniki akiwa ameambiwa apunguze sembe, yaani ugali wa mahindi yaliyokobolewa, na badala yake ale dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa. Siku ya kwanza nilipoupika, mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alisogeza sahani pembeni akasema kwamba dona aliila shuleni na wakati wa njaa, na kwamba hakutegemea kuikuta kwa mwanawe. Je, ni kweli kwamba dona ni chakula cha shida, na sembe ilipata lini heshima iliyo nayo? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Dada msomaji, mama mkwe wako anasema kweli kuhusu maisha yake, kwa hiyo sikushauri umjibu kwa hoja za vitamini mezani. Kwa watu wengi wa rika lake dona ni ugali wa bwenini, wa kambini na wa gerezani, uliosongwa kwa mwiko mrefu kama kasia, ilhali sembe ilikuwa ya mgeni na ya sikukuu. Ila heshima hiyo ya sembe ina historia, na ndani yake ulimi wa mlaji ulishirikishwa kidogo sana.

Mahindi yenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika, na yalifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya ujio wa Wareno, yakalimwa kwa muda mrefu pembeni mwa mtama, uwele na ulezi, tena yakiwa ya rangi mchanganyiko. Weupe ulikuja na biashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kenya walipanda mbegu nyeupe zilizoletwa kutoka kusini mwa Afrika, kwa kuwa wanunuzi wa London walitaka shehena ya rangi moja, na viwanda vya wanga vya Uingereza viliyapenda mahindi meupe. Mahindi hayohayo ndiyo yaliyolisha vibarua wa mashambani: mgao wa unga waliopewa uliitwa posho, na mpaka leo ukimsikia Mganda akiagiza posho hotelini ujue anataka ugali.

Kwa upande wetu wa Tanzania, serikali ilitaifisha viwanda vikubwa vya kusaga nafaka mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, lile tuliloliita NMC. Sembe ya shirika hilo iliuzwa mijini kwa bei ya ruzuku, na ruzuku hiyo ilidumu mpaka ilipofutwa mwaka 1984. Kwa hiyo kizazi kizima cha watu wa mjini kilikua kikiamini kwamba unga uliokobolewa na kufungwa kiwandani ndio unga wenyewe, na kwamba dona ni mambo ya kijijini. Ukame ulipobana na mahindi ya njano kutoka ng'ambo yakaanza kugawiwa, watu waliuita unga wake Yanga, kwa rangi ya jezi, na nadhani hata washabiki wa klabu hiyo hawakuufurahia.

Kiwanda nacho kina sababu zake za kuipenda sembe. Punje ya hindi ina ganda la nje, ina sehemu kubwa ya wanga, na ina kiini, ambacho ndicho chenye mafuta mengi. Unga wenye kiini huchacha mapema kwa sababu ya mafuta hayo, na mfanyabiashara anayesafirisha unga mbali na kuuweka rafuni kwa miezi hawezi kuvumilia hasara hiyo. Kukoboa huondoa ganda na kiini pamoja, na kwa hiyo huondoa nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki.

Nenda kwenye mashine yoyote ya mtaani uone. Kabla ndoo haijamiminwa utaulizwa, "Unakoboa au dona?" Anayekoboa hulipia kukoboa, hulipia tena kusaga, na huondoka na unga mchache kuliko mahindi aliyoyaleta; pumba, asipozidai, mara nyingi hubaki kwa mwenye mashine, naye huwauzia wafugaji wa kuku na nguruwe. Mimi mwenyewe nililipa hivyo kwa miaka mingi bila kuuliza, nikiwanenepesha kuku wa jirani kwa kile kilicho bora katika mahindi yangu, kisha nikiwanunua kuku hao mwisho wa mwezi.

Kuhusu mama mkwe, changanya nusu kwa nusu kwa kuanzia, na umwombe fundi wa mashine asage laini, kwa maana dona inayochukiwa mara nyingi ni ile iliyosagwa mikwaruzo na kusongwa haraka. Dona hunywa maji zaidi na hutaka muda mrefu zaidi motoni, jambo ambalo anayenunua mkaa kwa kopo hulihesabu, na sioni haki kulikejeli. Kuhusu mumeo, afuate kipimo alichopewa kliniki, kwa kuwa bonge kubwa la dona bado ni bonge kubwa la wanga.

SWALI: Nimeona kwenye pakiti ya sembe maneno kwamba unga umeongezwa virutubishi. Je, maana yake ni kwamba umekuwa sawa na dona? (Msomaji wa Kibaha)

JIBU: Hapana, haujawa sawa, ingawa una faida yake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula viongezwe virutubishi, na Kenya ilifanya hivyo kwa sheria mwaka 2012. Katika unga wa mahindi wa Tanzania huongezwa madini ya chuma na zinki, vitamini B12 na asidi ya foliki, ambayo humsaidia mama mjamzito kumkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Nyuzinyuzi hazirudi. Tena sehemu kubwa ya unga tunaoula husagwa kwenye mashine ndogo za mitaani, ambako ni nadra kukuta kifaa cha kuchanganyia virutubishi hivyo.

SWALI: Nasikia sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, hujificha kwenye pumba. Kama ni hivyo, si afadhali kukoboa? (Msomaji wa Kondoa)

JIBU: Hili ndilo swali lililonifanya niandike safu hii kwa uangalifu, maana wanaosifia dona huliruka. Ni kweli kwamba sumukuvu hukusanyika zaidi kwenye ganda na kiini, na kwamba kukoboa huipunguza kwa kiasi kikubwa. Kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoharibika, na mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yaani huko kwenu na kwa majirani zenu.

Kwa sababu hiyo, mahindi usiyoyajua yalikaushwa wapi na yalihifadhiwa vipi nisingeyasagia dona, hasa kwa uji wa mtoto. Lakini kukoboa nako hakuyafanyi mahindi mabovu kuwa mazima, na pumba zake zitakwenda kwa ng'ombe, kisha baadhi ya sumu ikurudie kwenye maziwa. Kama unalima mwenyewe, anika juu ya turubai, wala si chini kwenye udongo, na kabla ya kusaga chambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi robo chupa na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani.