Meza ya Bwana kando ya kitanda cha mgonjwa

Kinachoharibu huduma hii mara nyingi ni haraka. Mchungaji ana nyumba sita za kupitia kabla ya magharibi, basi anafika, anaomba, anampa mgonjwa mkate na divai vilivyobarikiwa Jumapili kanisani, anaaga. Mgonjwa amepokea, ila hakusikia neno. Katekisimo Ndogo ya Luther (1529) inafundisha kwamba kula na kunywa peke yake si kitu pasipo maneno "kwa ajili yenu, kwa ondoleo la dhambi". Kwa hiyo 1 Wakorintho 11:23-25 isomwe pale pale, polepole, karibu na sikio lake.

Kabla ya kutoka, mpigie anayemuuguza. Je, mgonjwa anameza? Anatumia dawa gani? Wanaotumia Flagyl, kwa mfano, huambiwa wasiguse pombe, hivyo uliza daktari mapema. Dozi ya siku chache inaweza kusubiriwa, mahututi hasubiriwi.

Mkobani weka kikombe kidogo, kisahani, kitambaa cheupe, hostia (mikate myembamba ya Meza ya Bwana) kwa idadi ya watakaoshiriki na mbili za akiba, na divai kama mililita 50 katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Kijiko cha chai usikisahau. Hostia kavu hugandia kwenye kaakaa la mtu aliyekaukwa mate, naye huanza kukohoa katikati ya ibada, ndugu wakataharuki. Mwinueni akae, mpe funda la maji kwanza. Baada ya maneno ya kuweka, yaani yale ya 1 Wakorintho 11, mega kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, kiloweshe katika divai, mtilie ulimini kwa kijiko. Ngoja umwone amemeza.

Ungamo huja kabla ya hayo yote, na hapo ndugu watoke nje, hata mke. Watu huona haya kuwaomba watoke, waombe tu. Ungamo la Augsburg, hati ya imani ya Walutheri, kifungu cha 11, linataka ondoleo la faragha lidumishwe, bila kumlazimisha mtu kuorodhesha kila dhambi. Mwekee mkono kichwani, umtamkie ondoleo yeye binafsi. Akiwa hayupo kundini kwa miaka, yaani ametengwa na Meza ya Bwana, labda kwa ajili ya ndoa, naye anatubu, mwondolee hapo hapo. Taratibu za baraza la wazee zitafuata.

Mzee aliyesahau majina ya wajukuu anaweza bado kuifuata Baba Yetu hadi mwisho, mradi iwe katika lugha aliyofundishwa nayo. Kama ni Kihaya au Kichaga, mtafute mzee wa kanisa wa kuiongoza.

Aliyepoteza fahamu asipewe. Ndugu watasihi, "Mpake tu midomoni, Mchungaji." Kataa kwa upole: Bwana alisema twaeni mle, na Paulo anataka mtu ajihoji kwanza. Msomee Zaburi ya 23 na Luka 2:29-32, mwombee, mbariki kwa Hesabu 6:24-26. Huenda anasikia, kwa hiyo pasizungumzwe mambo ya mazishi chumbani.

Kilichobaki kiliwe na kunywewa pale pale na walioshiriki, kisirudi mkobani kuchanganyika na hostia za akiba. Suuza kikombe kwa maji kidogo, uyanywe au uyamwage kwenye udongo safi nje.